Paja la Kondoo la Barbro wa Hallas

Hallas, Norrsjö
9 Novemba 1977

Mpwa wangu Torgny,

Nakusalimu wewe na mkeo Gunvor, na yule paka wenu asiyejua kukamata panya. Huku sisi wazima. Theluji ya kwanza ilianguka Jumanne, ya pili ikaanguka juu ya ya kwanza, na sasa hatutaiona ardhi mpaka Aprili. Nimepika jamu ya matunda ya msituni mpaka chupa zimeniishia. Goti langu linauma upande wa ndani, lakini ni goti la zamani na tumezoeana. Hilding wa Bränn, huyu jirani wa ng'ambo ya barabara, amesimamisha mlingoti mpya wa bendera, mrefu kuliko wangu. Simsemi kwa ubaya, nakupa habari tu.

Sasa sikiliza. Nasikia umestaafu mapema kuendesha tramu kwa ajili ya mgongo, na Gunvor ameniandikia pembeni ya kadi kwamba unashinda nyumbani ukimfundisha namna ya kupanga vikombe kabatini. Ndoa nyingi zimevunjika kwa mambo madogo kuliko hayo. Kwa hiyo nimekutafutia kazi.

Barbro unamjua. Mtoto wa Hallas humjua Barbro kabla hajajua Baba Yetu. Mwaka 1663 Malin wa Bränn aliingia kanisani mapema akakaa kwenye benchi letu, benchi la wanawake wa Hallas, la tatu kutoka mbele upande wa kaskazini. Akaambiwa asogee, akakataa. Barbro alikuwa amevuka ziwa na chakula chake cha safari, akafungua kapu, akatoa paja la kondoo lililokaushwa kwa moshi, akampiga nalo Malin kichwani katikati ya wimbo. Alifungwa miguu kwenye mkatale mlangoni pa kanisa Jumapili tatu mfululizo, na inasemekana kila aliyeingia alimsalimu kama mwenye harusi anayepokea wageni. Tangu siku hiyo watu wa Hallas hatunywi kahawa Bränn, wala wao kwetu. Kahawa yenyewe wakati ule ilikuwa haijafika nchini, lakini ilipofika tu, tukaanza mara moja kutoinywa.

Mwakani, Julai, ukoo wote wa Hallas unakutana hapa kwangu. Nimemwagiza Evert mchonga mawe jiwe kubwa la kusimamisha getini: HALLAS BARBRO, MAMA YETU SOTE. Chini yake yaandikwe majina ya kizazi kimoja kimoja kutoka kwake mpaka kwa Baba yangu, babu yako. Majina hayo ndiyo kazi yako. Wewe uko Göteborg, kuna nyumba ya kumbukumbu, kuna mashine za kusomea vitabu vya kanisa. Nayataka ifikapo majira ya kuchipua.

Karibu natimiza sabini, Torgny. Watu husema Valborg hana mume, Valborg hana mtoto. Ni kweli, sibishi. Lakini nina Barbro.

Shangazi yako,
Valborg


Göteborg
28 Novemba 1977

Shangazi, shikamoo.

Tumepata barua yako na tumefurahi, hasa Gunvor, ambaye alimkumbatia mtu wa posta. Huku theluji hatuna, tuna mvua inayotembea kwa ubavu. Mgongo unaendelea vizuri nikikaa, na sasa siku nzima nakaa.

Kila asubuhi nakwenda nyumba ya kumbukumbu na mkate wangu wenye jibini. Tuko pale wastaafu safu nzima, kila mtu na mashine yake inayoonyesha vitabu vya kanisa kwenye filamu ndogo. Wote wanatafuta mfalme katika ukoo wao. Mpaka sasa wamepata wachunga nguruwe. Mimi nilipowaambia natafuta mwanamke aliyempiga mwenzake kwa nyama kanisani, wakanisogelea na viti vyao.

Na nimempata, Shangazi. Yumo kama ulivyosema. Mchungaji wa wakati ule ameandika kwamba paja lilikuwa "la ukubwa wa kutosha". Kanisa likalitwaa liwe ushahidi, na Jumapili iliyofuata ushahidi ulikuwa umepungua sana, na mwishoni mwa mwezi ukabaki mfupa. Mchungaji hakuandika ni nani aliyeuchunguza.

Kazi ni rahisi kuliko nilivyodhani. Nafuata jina la Hallas kutoka kitabu hadi kitabu kama tramu juu ya reli. Nimeshafika kwa mjukuu wake.

Kuuliza si ujinga, kwa hiyo nakuuliza jambo moja. Nilipokuwa mdogo nikija kwako likizo, Hilding alikuwa akipita barabarani anainua kofia, na wewe unatazama bomba la moshi la nyumba yake mpaka apite. Hiyo yote ilikuwa kwa ajili ya Barbro peke yake?

Mpwa wako,
Torgny


Hallas
16 Desemba 1977

Mpwa wangu,

Salamu za Krismasi kwenu nyote. Juzi wasichana wa shule walikuja na mishumaa kichwani, kama desturi yetu ya kila Desemba, kuniimbia wimbo wa Mtakatifu Lucia, na yule mrefu akaanza kuunguza pazia la jikoni. Tulilizima kwa maziwa. Walikula mikate ya zafarani yote.

Nimefurahi sana kwa habari ya paja. Nimeisoma mbele ya kina mama wa ushonaji wa kanisa, na mke wa mchungaji alicheka mpaka sindano ikampotea. Lile swali lako la mwisho limeangukiwa na doa la kahawa, sikuweza kulisoma.

Habari za kijijini: shamba la Lok limeuzwa. Yule bibi wa Lok amehamia mjini kwenye nyumba ya ghorofa, na amekuja mtu wa Norrköping, Bertil Sandkvist, fundi wa piano, mwenye ndevu. Alihamia Septemba. Wiki iliyopita alikwenda posta kuulizia barua za Sandkvist, akaambiwa hapa hakuna mtu wa jina hilo. Akasema ni mimi. Akaambiwa, "Wewe ni Lok Bertil, barua zako zimejaa hapa, tulidhani huzitaki." Maskini alitoka amepauka. Ndivyo tulivyo huku, ukinunua nyumba umenunua na jina lake, jiko lake na panya wake. Na yule bibi aliyekuwa Lok miaka sabini, huko mjini sasa ni Bibi Jonsson, kama mtu yeyote tu.

Hilding ananiudhi. Kila asubuhi kabla sijaamka anapita na koleo anaondoa theluji getini kwangu, wala hajaombwa. Nimeshamtolea macho dirishani. Anainua kofia. Mtu wa namna hiyo utamfanya nini?

Evert amepata jiwe. Anasema lina uzito wa ng'ombe wawili. Ataanza na maneno ya juu wakati tunasubiri majina yako. Nimekufungia soksi za sufu, zivae, usizitunze.

Valborg


Göteborg
20 Februari 1978

Shangazi, shikamoo.

Samahani kwa kuchelewa. Soksi zimefika na zinanifikia magotini, asante sana. Gunvor amepata maumivu ya jino. Lilianza upande wa juu kushoto, siku ya Jumatatu, akasema labda ni baridi. Jumatano likahamia chini. Daktari alisema halihami, ni yeye tu anayesikia hivyo, na Gunvor akamwambia yeye daktari ndiye asiyesikia. Nitakueleza yote tangu mwanzo.

(Maelezo yenyewe utayaona kwenye kurasa nne nilizoambatisha.)

Pia wamebadilisha njia ya tramu ya kwenda bandarini. Zamani ilikuwa inapinda baada ya soko la samaki, sasa inapinda kabla. Mimi siungi mkono. Na maandazi ya krimu ya mwaka huu yana krimu kidogo, na lozi zake zimesagwa vibaya, wenzangu wote wa kwenye mashine wamekubali.

Kuhusu Barbro, kazi inaendelea. Vitabu vya zamani vina vumbi jingi.

Je, Evert ameshachonga? Kama hajachonga, mwambie asubiri kidogo. Sina sababu maalumu.

Torgny


Hallas
24 Februari 1978

Torgny,

Mimi sijambo.

Umeniandikia kurasa nne za jino la Gunvor. Jino lenyewe nalisikitikia. Lakini nakumbuka ulipokuwa na miaka saba ulivunja dirisha la banda la kuku, ukaja jikoni ukakaa kwenye kigoda ukaanza kunieleza habari za mawingu. Na filamu haina vumbi. Nimeuliza.

Evert ameshachonga. HALLAS BARBRO, MAMA YETU SOTE, herufi za kiganja kizima. Ndugu wameshaandikiwa kila mahali, wanakuja. Mficha uchi hazai, kwa hiyo sema. Alikuwa mchawi? Alikuwa mwizi? Alikuwa mtu wa Denmark? Nitavumilia.

Hilding ameumwa kifua wiki nzima, nimejua kwa sababu ya theluji iliyorundikana getini, si kwamba nilikuwa natazama. Tangu Märta mkewe afariki mwaka juzi mtu huyo hajui hata kuchemsha yai. Nilimpelekea supu kwa mkono wa mke wa mchungaji, nikamkataza kusema imetoka wapi. Ukimwambia mtu habari hiyo nitakukana.

Valborg


Göteborg
5 Aprili 1978

Shangazi yangu mpenzi, shikamoo.

Gunvor amepona jino. Amesema nisipoandika leo ataandika yeye, na yeye hana huruma. Mjumbe hauawi, Shangazi. Tafadhali kaa kwanza.

Barbro hakuwa mchawi. Alikuwa mwanamke mwema, alizaa watoto saba, akafa mzee kitandani mwake. Tatizo si yeye. Tatizo ni sisi.

Ni barua yako ya Desemba iliyonishtua, ile ya Lok Bertil. Nilicheka sana, nikaenda kumsomea Gunvor, na katikati ya kusoma nikaacha kucheka. Nilikuwa nimefuata jina la Hallas kitabu hadi kitabu, na jina ni la nyumba. Watu sikuwa nimewafuata. Kesho yake nikarudi kwenye mashine nikaanza upya, safari hii nikatazama watoto ni wa nani. Nilipofika mwaka 1791 nikakuta jambo. Mwaka ule, Hallas kulikuwa na baba, mama, nyanya na watoto kumi, wajukuu wa wajukuu wa Barbro, wamebanana. Bränn kulikuwa na nyumba kubwa, na ndani yake wazee wawili na mtoto wao mmoja, kitukuu wa Malin. Basi wakafanya jambo la akili. Wakabadilishana nyumba. Wa Hallas walivuka barabara na ng'ombe zao, wa Bränn nao wakavuka na zao, na mchungaji amelalamika kwamba walikunywa bia pamoja juma zima na hakuna aliyekuja kanisani. Kila mmoja akaacha jina lake nyuma na kuchukua la nyumba aliyoingia.

Nimehakikisha mara nyingi, sikutaka kuamini. Hilding na watu wake ndio wa Barbro. Sisi ni wa Malin. Sisi ndio tuliopigwa.

Na ule ugomvi nadhani nimeuelewa. Watu wenye ugomvi hawabadilishani nyumba, kwa hiyo 1791 ulikuwa umeshakwisha. Lakini benchi kanisani lilikuwa la nyumba. Aliyehamia Hallas alikaa benchi la Hallas, akasimuliwa hadithi ya benchi hilo, na baada ya vizazi viwili watoto wake wakadhani ni yao. Ugomvi ulibaki ndani ya nyumba pamoja na jiko, na waliokuja wakauwasha.

Nimeyajua haya tangu Krismasi. Nilinyamaza kwa sababu niliogopa. Uliniandikia kwamba huna mume, huna mtoto, una Barbro. Mimi ninakupenda, Shangazi, na sikutaka kuwa mtu wa kukunyang'anya Barbro.

Torgny


Göteborg
21 Mei 1978

Shangazi, shikamoo.

Natumaini goti halijambo. Huku miti imechanua.

Kimya kingi kina mshindo mkuu, nami nimekaa hapa na mabega juu nikiusubiri. Nilikupigia simu, najua simu yako ni ya misiba tu, ukasikia sauti yangu ukaikata. Nilifarijika kidogo kwa sababu uliikata kwa nguvu za mtu mwenye afya.

Ndugu wananiuliza kama mkutano upo. Jiwe limefika? Nimemwandikia Evert, amejibu kwamba umemkataza kunijibu. Sema lolote, hata tusi.

Torgny


Hallas
26 Juni 1978

Mpwa wangu Torgny,

Salamu kwako na kwa Gunvor mwenye meno yake. Sikukuu ya kiangazi imepita salama, mvua ilinyesha kama kawaida na watu walicheza kuzunguka nguzo ya maua kama kawaida. Viazi vipya ni vitamu mwaka huu. Goti zuri.

Barua zako zote mbili nilizipata. Ile ya Aprili niliisoma mara moja nikaitia jikoni iungue, kisha nikaitoa, maana jiko lilikuwa halijawashwa. Wiki ileile Evert alileta jiwe kwa mashine ya kunyanyulia, akalisimamisha getini. Nikalifunika turubai. Watu walipouliza, niliwaambia linapumzika.

Majuma mengi yalipita hivyo. Nilikuwa nakaa dirishani namtazama Hilding anavyopita, anavyokanyaga barabara kana kwamba baba yake ndiye aliyeilaza pale. Huo ni mwendo wa Barbro, nikajiambia. Maisha yangu yote nilidhani ni wangu. Usiku sikulala, na mchana nilikuwa naunguza uji. Siku moja nikachukua kioo nikamtafuta Malin usoni mwangu. Nilimwona upesi kuliko nilivyotaka. Mwanamke aliyekaa kwenye benchi la wenyewe na anaambiwa asogee na hasogei. Haya, nikasema, huyo nami namfahamu, tumeishi pamoja miaka mingi.

Na nilipokubali kuwa mimi ni wa Malin, hapo ndipo hasira ziliponipanda. Miaka mia tatu na kumi na tano, Torgny, na hakuna aliyetuomba radhi.

Asubuhi ya kuamkia sikukuu nilivaa vazi la asili la parokia yetu, aproni ya mistari na kofia nyeupe na kila kitu, nikavuka barabara. Sijawahi kuivuka kuelekea upande ule. Hilding alikuwa anapaka rangi uzio. Alivyoniona, brashi ilimponyoka ikatumbukia ndani ya kopo.

"Umekuja kuazima nini?" akauliza.

"Sikuja kuazima. Nimekuja kudai. Nyanya yako alimpiga nyanya yangu na paja la kondoo kanisani, nataka kuombwa radhi."

Akaniambia nimeigeuza hadithi, Barbro ni wetu sisi wa Hallas. Nikamweleza yote, nyumba, ng'ombe, bia, mwaka 1791, nikimsomea kutoka barua yako yenye masizi. Alisikiliza mpaka mwisho, naye ni msikilizaji mzuri, hilo lazima nimpe. Kisha akasema polepole, "Valborg, baba yangu alikufa akisubiri nyinyi wa Hallas mje kutuomba radhi. Leo umekuja, na mimi ndiye wa kuomba?"

"Ndiyo. Usinilaumu mimi, mlaumu Torgny."

Akaingia ndani akafunga mlango. Nikadhani ndiyo imekwisha, nikaanza kujuta ile aproni. Baadaye akatoka. Alikuwa amevaa suti nyeusi na tai, na nywele amezilowesha maji akazilaza. Rangi ya uzio ilikuwa bado mikononi. Akasimama barazani akasema, "Valborg wa Hallas, kwa niaba ya Barbro, ambaye leo ndiyo kwanza nasikia kuwa ni wangu, nakuomba radhi kwa kichwa cha Malin."

Nikamwambia nitafikiria.

Nilirudi nyumbani nikabandika viazi, nikafikiria vikiwa vinachemka. Vilipoiva nikabeba sufuria na samaki wa siki nikavuka tena. Tulikula kwake. Kahawa niliinywa pia, mtu wa kwanza wa Hallas, na nakuambia kahawa yao ni mbaya kupita kiasi. Miaka yote hiyo hatukukosa kitu.

Sasa nikujibu swali ambalo nilisema limeangukiwa na doa. Doa halikuwepo. Mwaka 1936 Hilding alikuja kwetu kuniposa. Baba alimjibu mlangoni, asimkaribishe hata ndani, kwamba damu ya Barbro haichanganyiki na maji ya Bränn. Mimi nilikuwa nyuma ya mlango, mkono wangu uko kwenye kitasa, na sikufungua. Nilimpenda, Torgny, lakini nilimwamini Baba. Nilijiona ni Barbro mwenyewe, na nilidhani Barbro hawezi kuolewa na waliopigwa. Kumbe aliyefukuzwa ndiye aliyekuwa na hiyo damu yote, na aliyekuwa anafukuza hakuwa na hata tone. Nilipomwambia Hilding hivyo alicheka mpaka akashika meza. Mimi nililia. Nililia sana, mbele yake, juu ya samaki, na sikuona aibu. Baada ya miaka michache alimwoa Märta, mwanamke mwema, sina neno naye na sitakuwa nalo.

Likabaki suala la jiwe. Hilding akasema haki ni haki, Barbro akiwa wa kwake jiwe nalo ni la kwake, ataleta trekta alivute mpaka Bränn. Tukaenda getini nikaondoa turubai. Akasoma. Alisoma kwa sauti, HALLAS BARBRO, MAMA YETU SOTE. Nikamwona anapima kwa macho, jiwe, kisha barabara, kisha bustani yangu ya maua ambayo trekta ingepita juu yake.

"Lina uzito wa ng'ombe wawili," nikamwambia. "Na limeandikwa Hallas, huko kwako litakuwa limepotea njia. Wewe hufiki hata ndama. Kati yenu ni nani aliye rahisi kuhamishwa?"

Alilitazama jiwe, kisha akanitazama mimi. Akauliza kama paa la chumba cha juu linavuja. Nikamwambia linavuja kidogo upande wa mashariki, lakini yeye anajua kupaka rangi, basi ajifunze na kuezeka.

Kwa hiyo mkutano upo, waambie ndugu. Watu wa Bränn nao nimewaalika, maana mama ni wao na viti vipo. Majina ya chini Evert atayachonga, ya kwao, utamletea wewe, na mwisho wa orodha aandike Hilding. Sisi tusiokuwemo tutakula keki. Mchungaji ametupa nafasi ya ndoa Jumamosi ileile ya mkutano, baada ya jiwe kuzinduliwa. Baba hayupo na kaka zangu hawapo, wewe ndiye utakayenishika mkono kuingia kanisani, kwa hiyo utunze huo mgongo. Na filamu za watu zirudishe. Umechimba vizuri, sasa acha. Kama kuna jingine lolote huko chini kuhusu mimi na yeye, lifunike.

Kijiji kimeshaanza kumwita Hallas Hilding. Posta walianza, bila kuuliza mtu. Nilimwambia asubiri mpaka Julai kwa ajili ya heshima, akasema amesubiri tangu 1936 na heshima yote aliyokuwa nayo ameshaimaliza. Leo asubuhi nilimwona anavuka barabara, mchana kweupe, mto wake wa kulalia kwapani, watu wote wa dukani wamesimama wanatazama. Nilimfungulia mlango kabla hajapiga hodi.

Shangazi yako,
Valborg